Sura ya Saba: Usimwage Shahidi

Asubuhi moja ya masika niliwasha Carina yangu, nikakata usukani nitoke getini, gari likaguna. Mlio ulitoka mbele, chini ya boneti, mzito na wa kujikokota, kama wa punda anayepandisha mkokoteni. Nikarudisha usukani katikati, mlio ukakoma. Nikakata tena, ukarudi, na safari hii usukani wenyewe ukanigomea kidogo mkononi kabla ya kulegea. Nilizima gari, nikafungua boneti na kuchungulia kwenye chupa ya oili ya pawa stelingi. Gari lilipofika mikononi mwangu, oili ile ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Sasa ilikuwa nyeusi, na ukingoni mwa chupa kulikuwa na utando kama masizi ya kibatari.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alitazama kwa muda wa kufumba na kufumbua. "Reki imekufa, bosi. Katafute reki ya used. Na hii oili tuimwage sasa hivi, imeungua." Bei ya reki ilikaribia mshahara wangu wa mwezi mzima. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu nikope kwa nani, jirani yangu aliponishauri nipite kwanza kwa mzee mmoja wa Ilala aliyezeekea kwenye kazi ya stelingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tatizo nini?"

Nikamweleza. Hakugusa usukani. Aliuliza swali moja tu: "Oili umeshaimwaga?"

"Bado."

"Basi hujaharibu kitu. Hiyo oili chafu ndiyo shahidi wako. Ukimmwaga, gari litanyamaza wiki mbili, halafu tatizo litarudi na wewe huna wa kumuuliza."

Maneno hayo nimeyabeba hadi leo, na ndiyo kiini cha sura hii. Mwenye gari la zamani akiona oili imebadilika rangi, hukimbilia dukani. Hununua chupa mpya, humwaga ya zamani, hufurahia wekundu kwa muda mfupi, kisha hurudi alikotoka akiwa na pesa pungufu. Rangi iliyobadilika ni taarifa. Imebeba habari za pampu, sili, paipu, joto, na mikono ya watu walioshika gari hilo kabla yako. Isome kwanza, ndipo umwage.

Oili hii inafanya kazi gani

Pawa stelingi ya oili ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mhandisi Mmarekani Francis Davis, aliyewahi kuwa mtu wa kampuni ya Pierce-Arrow, alionyesha gari lenye mfumo huo mwaka 1926. Umma ulisubiri hadi 1951, Chrysler ilipouweka kwenye Imperial yake. Mwaka 1988 Suzuki ikatoa Cervo yenye mota ya umeme ya kusaidia usukani, na leo magari mengi mapya yamefuata njia hiyo. Kwa hiyo sura hii ni ya wenye Carina, Corolla za 110, Mark II, Prado, Forester za mwanzo na wenzao, magari yaliyovuka bahari kutoka Japani yakiwa yameshatumika na ambayo bado yanatafuta riziki kwenye barabara zetu. Kama hujui gari lako ni la aina gani, fungua boneti. Ukikuta chupa ndogo yenye mchoro wa usukani kwenye kifuniko, na pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, wewe ni mmoja wetu.

Kazi yenyewe iko hivi. Pampu hunyonya oili kutoka kwenye chupa na kuisukuma kupitia paipu ya presha hadi kwenye reki, ule mwili mrefu wa chuma unaosukuma matairi kushoto na kulia. Pale nondo ya usukani inapoingia kwenye reki kuna valvu, na ndani yake kuna kijichuma chembamba kinachojisokota kidogo sana unapokata kona. Kujisokota huko hufungua njia, oili ikaenda upande mmoja wa pistoni, na pistoni ikakusaidia kusukuma. Ikimaliza kazi, oili hurudi chupani kwa paipu ya kurudishia, ambayo haibebi presha kubwa. Kwenye gari dogo, kazi yote hii hufanywa na oili ya kiasi cha lita moja hivi.

Lita moja hiyo huteswa. Tairi la gari dogo tunalijaza upepo wa 30 hivi. Ndani ya paipu ya presha, usukani ukikatwa hadi mwisho, kipimo hicho hicho huvuka 1,000. Ndiyo maana vitabu vya magari vinakataza kushikilia usukani ukiwa umefika mwisho kwa zaidi ya sekunde chache: oili hulazimishwa kujipenyeza kwenye valvu ndogo ya usalama ya pampu, na joto hupanda haraka. Na joto ndilo adui mkubwa. Kanuni wanayoitumia wataalamu wa vilainishi ni kwamba joto likiongezeka nyuzi 10, kasi ya oili kuzeeka hukaribia kuzidi mara mbili. Mfikirie sasa dereva wa teksi anayegeuza gari mara 20 kwa siku kwenye vichochoro vya Kariakoo, jua la Februari likiwa utosini. Oili yake huzeeka upesi kuliko ya mtu aendaye Morogoro na kurudi kwa barabara iliyonyooka, hata kama kilomita za huyu wa pili ni nyingi zaidi.

Wekundu ni nguo tu

Kuna jambo linalowapoteza wengi, nalo ni kudhani kwamba wekundu ndio uzima wa oili. Toyota nyingi za miaka ya 1990 hutumia kwenye stelingi oili ya giaboksi ya otomatiki, aina ya Dexron II au III. Oili hiyo hutiwa rangi nyekundu kiwandani ili isichanganywe na oili ya injini, na ili ikivuja ijulikane. Rangi hiyo hufifia kwa joto mapema, pengine oili yenyewe bado ina nguvu. Nguo imechuja, aliyeivaa bado mzima.

Pia si kila gari lilianza na nyekundu. Honda ina oili yake ya stelingi, nyepesi na ya manjano iliyo wazi. Baadhi ya magari ya Ulaya hutumia ya kijani. Kwa hiyo swali la kwanza si "imekuwa rangi gani" bali "ilianza ikiwa rangi gani". Jibu limo kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi limechorwa juu ya kifuniko cha chupa. Futa kifuniko kwa kitambaa ukisome kabla ya kusikiliza ushauri wa mtu yeyote.

Ukishajua mwanzo, rangi inaanza kusema. Oili iliyohama kutoka wekundu hadi hudhurungi ya chai ya rangi, bado inapitisha mwanga na haina harufu kali, imezeeka kwa njia ya kawaida. Ikiwa hudhurungi nzito yenye harufu ya kuungua, imepikwa: mkanda unateleza, au dereva ana tabia ya kung'ang'ania usukani mwishoni, au oili ilipungua na iliyobaki ikafanya kazi ya wote. Kijivu chenye kumetameta kama magamba ya dagaa ni chuma au alumini inayolika, na hapo pampu au reki inateketea kweli. Waridi iliyopauka kama maziwa ya strobari ina hewa au maji ndani yake. Nyeusi inayopaka vidole ina kitu kilichokatika ndani yake, na mara nyingi kitu hicho ni mpira.

Lakini macho peke yake hudanganya, hasa ukichungulia kupitia chupa ya plastiki iliyogeuka manjano kwa uzee. Oili inatakiwa itolewe nje, ikaguliwe kwenye mwanga.

Meza ya mzee

Mzee alichukua bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, akalifunga kijipaipu chembamba cha plastiki, akanyonya oili kidogo kutoka kwenye chupa yangu. Vipimo alivyofanya kila mmoja anaweza kuvifanya nyumbani, na havigharimu chochote.

Alianza na tishu nyeupe. Alidondosha matone matatu, akaiweka bapa juu ya mfuniko wa ndoo, akaniambia tunywe kahawa kwanza. Baada ya robo saa tuliiangalia. Oili ilikuwa imetambaa na kutengeneza duara pana. Ukingo wa duara ulikuwa na wekundu hafifu, dalili kwamba oili yenyewe haikuwa imekufa kabisa. Katikati kulikuwa na doa jeusi ambalo halikutambaa. "Unaona," alisema, "kilichoyeyuka kinasafiri na oili. Kisichoyeyuka kinabaki kimekaa pale pale. Uchafu wako umekaa."

Kisha akapitisha kipande cha sumaku, kilichotolewa kwenye spika mbovu, chini ya tishu. Punje hazikutikisika. Chuma kingejikusanya. Sumaku haishiki alumini, kwa hiyo akafanya kipimo cha tatu: aliikanda ile sehemu nyeusi kwa kidole gumba na cha shahada, taratibu, macho ameyafumba. Chembe za chuma au alumini hukwaruza kama mchanga laini, na juani hung'aa. Zetu zilipondeka na kuacha mstari mweusi kwenye ngozi, laini kama wanja.

"Huu ni mpira," alisema.

Kipimo cha mwisho kilihitaji subira. Alimimina oili iliyobaki kwenye chupa ndogo ya kioo iliyokauka vizuri, akaifunga, akaiweka juu ya rafu hadi kesho yake. Oili ni nyepesi kuliko maji. Kama maji yameingia, mengine hujitenga na kukaa chini yakionekana kama mstari. Na kama kuna hewa, mapovu hupanda na kuisha ndani ya dakika chache, oili ikabaki safi. Waridi inayosafika ikitulia ilikuwa hewa. Waridi inayobaki na ukungu hata baada ya usiku mzima ni maji yaliyochanganyika na oili.

Kuna njia ya haraka zaidi ya kuyabaini maji. Weka tone moja la oili kwenye kijiko kikavu cha chuma na ukipashe moto kutoka chini. Oili isiyo na maji hutoa moshi kimyakimya. Yenye maji hupasukapasuka kama chumvi iliyotupwa kwenye kaango. Tumia tone moja tu, vaa miwani, simama mbali na gari na mbali na petroli.

Hewa na maji

Nimekutana na watu wengi waliobadilisha pampu kwa sababu ya oili yenye povu, ilhali pampu ilikuwa nzima. Povu hutokea pale hewa inapoingia upande wa kunyonya, kati ya chupa na pampu. Upande huo hauna presha ya kusukuma oili nje. Pampu ndiyo inayovuta, kwa hiyo tundu dogo hapo linaweza kuingiza hewa pasipo tone la oili kuonekana sakafuni. Mwenye gari anatafuta uvujaji, haoni, anahitimisha kwamba pampu imechoka.

Mahali pa kuangalia kwanza ni oringi ndogo pale paipu ya kunyonya inapoingia kwenye pampu. Inakauka, inakuwa ngumu kama kucha, na haizibi tena. Oringi hiyo ni kitu cha bei ya andazi, na imewaokoa wenye Honda wengi na pampu zao. Angalia pia klipu za paipu hiyo, nyufa kwenye mpira wake, na kimo cha oili. Kisha angalia ndani ya chupa: nyingi zina kichujio cha wavu laini chini. Kikiziba kwa uchafu, pampu hunyonya kwa taabu, mapovu huzaliwa, na mlio wa kuguna unafanana kabisa na wa pampu iliyokufa. Chupa ikitolewa, ikaoshwa na kukaushwa sawasawa, mara nyingine ugonjwa wote unaishia hapo.

Maji yana njia zake. Kifuniko cha chupa kina kitundu cha kupumulia, na sili yake ikichoka, maji hupenya. Gari lililokatisha mafuriko ya Jangwani huku maji yakipanda juu ya bampa, au linalooshwa injini kwa mashine ya presha kila wiki, linastahili kushukiwa. Maji hutia kutu kwenye mapezi ya pampu na kwenye nondo ya reki, na kutu hiyo huzikwangua sili. Povu linaweza kusubiri Jumamosi. Maji yasisubiri: oili hiyo itolewe yote mapema iwezekanavyo, na si ile ya kwenye chupa peke yake.

Weusi ulitoka wapi

Turudi Ilala. Tulijua sasa kwamba weusi ulikuwa mpira. Lakini mpira upo sehemu nyingi: paipu ya presha, paipu ya kurudishia, oringi, sili za reki. Mzee hakuanza na ya ghali. Aliingia chini ya gari na kubinya zile buti za mpira zilizo kwenye ncha mbili za reki. Sili za ndani za reki zikikatika, oili huvujia humo, na ukibinya unasikia kimiminika kikicheza. Zilikuwa kavu. Reki niliyoambiwa imekufa ilikuwa haitoi hata jasho.

Kisha akafuata paipu kwa mkono, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepapasa mshipa. Alipofika kwenye paipu ya kurudishia alitua. Ilikuwa nene kuliko inavyopaswa, na ilibonyea kama muwa uliooza. Ilifungwa klipu mbili zisizofanana. Aliikata, akaipasua kwa urefu kwa kisu, akaifungua kama mtu apasuaye samaki. Ukuta wa ndani ulikuwa umevimba na kuwa ute. Nilipoupitisha kidole, kidole kilitoka cheusi.

"Huu ni mpira wa rejeta," alisema. "Mtu alikwama, akakata kipande alichonacho, akaunga. Hakukosa nia njema. Alikosa kujua."

Siri imo kwenye kemia ya mpira. Mipira mingi ya rejeta hutengenezwa kwa aina inayostahimili maji ya moto na mvuke vizuri sana, lakini haipatani na oili ya petroli. Ikikutana nayo huvimba, hulainika, humeguka. Mipira ya stelingi ni ya aina nyingine, iliyotengenezwa kuishi na oili. Kwa macho na kwa mkono yote ni myeusi na yote ni mipira, na hakuna anayeweza kuitofautisha ikiwa mipya. Tofauti huja kuonekana miezi kadhaa baadaye, ndani ya chupa, kama wino.

Vipande vilivyomeguka vilisafiri na oili hadi kwenye kichujio cha chupa na kukiziba nusu. Pampu ikanyonya kwa shida, ikaguna. Mlio wa asubuhi, uzito wa usukani, rangi nyeusi, vyote vilikuwa watoto wa mama mmoja, na mama huyo alikuwa kipande cha mpira kisichozidi urefu wa mkono wangu. Kama ningemwaga oili siku ile na kufunga reki ya used, paipu ile ile ingeendelea kumeguka ndani ya reki niliyoikopea pesa.

Hata paipu halisi huzeeka na kumeguka, baada ya miaka mingi ya joto. Ukipata chembe laini kama wanja na gari lina zaidi ya miaka 15, ishuku mipira kabla ya kushuku chuma. Kuna kisa kingine cha kukumbukwa, cha magari ya General Motors ya miaka ya 1980 huko Marekani. Ndani ya valvu za reki zake, pete ngumu za plastiki zilikuwa zikichimba mifereji kwenye nyumba ya alumini, na usukani ukawa mzito kila asubuhi hadi oili ipate moto. Wenyewe waliuita ugonjwa wa asubuhi, kama wa mjamzito. Dalili kama hiyo, pamoja na oili ya kijivu inayokwaruza vidoleni, inaelekeza kwenye reki kwa haki. Unatofautishaje? Kwa kumsikiliza shahidi.

Sasa unaweza kumwaga

Ukishajua chanzo na kukirekebisha, oili ya zamani imemaliza ushahidi wake. Kuna njia mbili za kuibadilisha.

Ya kwanza ni ya bomba la sindano: unanyonya ya chupani, unajaza mpya, unaendesha siku mbili tatu, unarudia. Ni salama na haihitaji kulala chini ya gari, lakini tufanye hesabu. Tuseme mfumo mzima una lita moja na chupa inatoa theluthi moja hivi, mililita 300. Mara ya kwanza oili ya zamani inabaki asilimia 70. Mara ya pili 49. Mara ya tatu 34. Hata ukirudia mara tano, asilimia 17 ya ile ya zamani bado imo. Kwa oili iliyozeeka tu, hiyo inatosha kabisa. Kwa oili yenye maji au vipande vya mpira, haitoshi.

Ya pili ni kuisukuma yote. Nyanyua mbele ya gari kwa jeki, uliweke juu ya stendi imara, na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Chomoa paipu ya kurudishia kwenye chupa, uielekeze kwenye galoni, na uzibe tundu lililobaki kwenye chupa. Mmoja anamimina oili mpya, mwingine anazungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa. Mnaendelea hadi kinachotoka kifanane na kinachoingia, na chupa isikauke hata mara moja, maana mtakuwa mmealika hewa. Mkisharudisha paipu, zungusheni tena usukani kama mara 20 kabla ya kuwasha, ili hewa iliyobaki ipande. Washeni, sikilizeni, kisha pimeni kimo. Chupa nyingi zina alama mbili, ya oili baridi na ya oili iliyopata moto, na mtu akijaza hadi ya juu ilhali oili ni baridi, itamwagika ikipanuka.

Oili iliyotoka isimwagwe mtaroni. Mtaro wa Dar es Salaam unaishia baharini, na bahari hiyo ndiyo inayotulisha. Ipeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu.

Ipi uinunue? Ile iliyotajwa na kitabu cha gari. Fahamu kwamba General Motors, yenye jina la Dexron, iliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa 2006. Chupa inayouzwa leo kwa jina hilo haina leseni yake, kwa hiyo sifa ya mtengenezaji ndiyo dhamana yako. Nunua kwa mtu anayejulikana, chagua chupa ambayo muhuri wake haujaguswa. Na jambo moja nalisema kwa msisitizo wote nilio nao: oili ya breki isiingie kamwe kwenye stelingi, wala ya stelingi isiingie kwenye breki. Ni vitu vya koo mbili, na kila kimoja huharibu sili za mwenzake. Kwenye stelingi kosa hilo litakugharimu reki. Kwenye breki linaweza kuchukua roho za watu. Zile dawa za kuzuia uvujaji nazo hufanya kazi kwa kuvimbisha sili, kama mtu mwenye tundu kwenye paa anayeweka sufuria chini yake. Zitakufikisha nyumbani, ila usizifanye makazi.

Daftari

Mzee alinifungia paipu halisi ya kurudishia, akaosha chupa na kichujio, tukasukuma oili mpya. Gharama yote haikufika hata robo ya bei ya reki. Usukani ulikata kimya. Nilidhani tumemaliza, lakini alinizuia getini na kunipa tishu tatu alizozikunja ndani ya karatasi.

"Wiki ijayo dondosha tone kwenye hii. Mwezi ujao hii. Baada ya miezi mitatu hii. Andika tarehe. Ukiona doa limerudi, njoo."

Tishu ya kwanza ilikuwa na kivuli cha kijivu katikati, mabaki yaliyokuwa yamejificha kwenye kona za reki. Nilinyonya oili ya chupani na kujaza upya. Ya pili kivuli kilikuwa chembamba, lazima uiinue juani kukiona. Ya tatu ilikuwa duara moja jekundu, sawasawa kutoka ukingo hadi katikati. Nilizibandika zote tatu kwenye daftari la shule la kurasa 32, na tangu hapo kila baada ya miezi sita naongeza moja.

Daftari hilo linakaa kwenye dashibodi. Fundi yeyote akifungua boneti ya gari langu na kuniambia oili imeungua, namwomba kwanza tishu na robo saa.